Kibali cha Sauti

Netiweki alikuwa amenyolewa nusu kichwa redio iliposoma tangazo. Kinyozi alizima mashine ili asikie vizuri, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakasogea mbele. Lilikuwa tangazo refu, lenye Kiswahili cha suti na tai: kutokana na kukua kwa huduma za mawasiliano nchini, Mamlaka inawaarifu wote wanaotoa huduma ya kupiga simu kwa njia ya intaneti kwamba watatakiwa kujisajili. Muda ni siku tisini. Utaratibu utatangazwa baadaye. Kisha ukafuata muziki.

Kinyozi akauliza maana yake nini. Mteja wa kwanza akasema maana yake intaneti inafungwa. Wa pili akasema haifungwi, itakatwa sauti tu, na watu wataendelea kuonana kwa picha huku wakichezesha midomo. Wa kwanza akajibu kwamba yeye ana shemeji serikalini, na shemeji huyo hajasema lolote, jambo ambalo lenyewe ni dalili mbaya. Walibishana hivyo dakika kumi nzima, na kwa muda wote huo Netiweki, mtu ambaye kukaa kimya humchosha kuliko kubeba saruji, hakutia neno. Alikuwa anajitazama kwenye kioo, upande mmoja nywele, upande mmoja kipara, na moyo wake ulikuwa mweupe. Watu watatu wamesikia tangazo moja na kila mmoja kaondoka na lake. Kwa mtu wa kazi yake, siku kama hiyo haiji mara mbili kwa mwaka.

Na kazi yake, tuseme bila kuzunguka, ilikuwa maneno. Aliwahi kuuza kava za simu mkononi. Baadaye akauza dhamana za kava za simu, akagundua kwamba dhamana zinalipa zaidi na hazimchoshi mtu kubeba. Jina la Netiweki alipewa na waliomnunulia dhamana, kwa sababu anapokutaka yeye anapatikana kila mahali, na unapomtaka wewe hapatikani.

Siku tatu baadaye alitokea kwenye barabara ya maduka madogo nyuma ya stendi ya mizigo, amevaa jaketi lenye mifuko mingi, kitambulisho shingoni na ubao wa kuandikia mkononi. Kitambulisho kilikuwa na picha yake, muhuri wa duara, na neno MKAGUZI kwa herufi kubwa. Maneno mengine yalikuwa madogo kiasi kwamba hata yeye hakuwa na uhakika yanasema nini. Mkono wa pili alishika kifaa. Zamani kilikuwa rimoti ya televisheni. Sasa kilikuwa na taa nyekundu kwa mbele na kilitoa mlio kila kidole gumba kilipotaka kitoe mlio.

Alianzia kwa Bwana Karatasi, mwenye duka la vifaa vya ofisi, mashine ya fotokopi na kompyuta nne ambazo watu walikodi kuongea na ndugu zao wa ng'ambo. Netiweki hakusalimia. Alizunguka kompyuta ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu kifaa kikalia.

"Hii ina sauti," alisema.

Bwana Karatasi akamweleza kwa upole kwamba zote zina sauti, zina spika.

"Sizungumzii sauti ya spika. Nazungumzia sauti inayosafiri."

Hapo Bwana Karatasi akavuta kiti. Netiweki akamfafanulia mambo: kusoma kwenye intaneti ni bure, kuandika ni bure, picha ni bure, lakini sauti ikivuka mpaka bila kibali ni kosa, na duka linalokutwa na sauti hiyo hufungwa siku hiyo hiyo. Kwa bahati yupo yeye, na anazo fomu za awali za Kibali cha Sauti kwa wale wachache wanaojielewa. Akataja ada.

Bwana Karatasi alijikuna kidevu. Kisha akaenda mlangoni, akachungulia kulia na kushoto, akarudi na kuuliza kwa sauti ya chini swali ambalo Netiweki mwenyewe hakuwa amelifikiria.

"Na barabara moja inapewa vibali vingapi?"

Netiweki alimtazama mzee wa watu kwa upendo wa dhati.

"Kimoja," alisema.

Ada ikapanda hapo hapo, na aliyeipandisha ni Bwana Karatasi. Aliongeza ya juu ili faili lake litangulie, akaomba pia, kama haitakuwa usumbufu, ukaguzi wa majirani ufanywe kwa ukali. Alipewa risiti.

Nyumba ya pili palikuwa na Fundi, mtu wa makamo aliyetengeneza simu kwenye meza yenye kioo, na aliyekuwa akiwawekea akina mama programu za kupigia simu ng'ambo kwa bei ya kifurushi kidogo. Kwake kazi ilikuwa rahisi zaidi, maana Netiweki sasa alianza na habari ya kibali kimoja kwa barabara nzima. Fundi alikuwa na shida moja tu: Bwana Karatasi ana duka kubwa, anaweza kumwahi. Netiweki akamhakikishia kwamba faili la Bwana Karatasi linaweza kuchelewa makao makuu. Mafaili huchelewa. Fundi akalipia kibali, akalipia na kuchelewa. Risiti mbili.

Mpaka mchana Netiweki alikuwa na mifuko iliyovimba. Mtu mwenye kiasi angeondoka. Lakini mwisho wa barabara kulikuwa na vibanda vitatu vya mbao, vimepakwa rangi ya samawati, na ndani yake watu walikuwa wanaongea.

Mwenye vibanda walimwita Bibi Laini. Kabla hujazaliwa wewe unayesoma, au pengine muda mfupi baadaye, mwanamke huyo alifanya kazi kwenye jengo la simu la zamani, kwenye ukumbi wa waya na matundu, vidude vya kusikilizia masikioni, akiunganisha mji na mji kwa mkono. Miaka ishirini na miwili. Mitambo ilipokuja kujiunganisha yenyewe, akina mama arobaini waliagwa kwa hotuba na kila mmoja akapewa birika la umeme. Alikaa nyumbani mwezi mmoja na birika lake, akachoka, akafungua vibanda. Wateja wake walikuwa zaidi akina mama wenye watoto ng'ambo: mmoja ana binti anayelea wazee wa watu kwenye nchi ya baridi, mwingine ana kijana anayeendesha malori na hajarudi mwaka wa sita. Wengine hawakujua kusoma. Bibi Laini aliwapigia, akawafungia mlango, na simu ikikatika katikati ya kilio alirudia bila kutoza.

Netiweki alipitisha kifaa kwenye vibanda vyote vitatu, na kwenye vyote kikalia. Akatoa maelezo yake yote, safari hii yakiwa yamenoga kwa mazoezi. Bibi Laini alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imekaa mapajani, kisha akasema yeye ni mjane, mambo makubwa kama haya hawezi kuyaamua kabla hajaongea na mkubwa wa ofisi.

Hilo halikumsumbua. Akasema Mkurugenzi ana shughuli nyingi lakini atajaribu kumpata. Akatoka nje, akazunguka ukuta, akabadilisha laini, na dakika mbili baadaye simu ya mezani ya Bibi Laini ikalia. Mkurugenzi alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyekula vizuri. Alimsifu mkaguzi wake, akamwonya mama asichezee bahati, akamtakia kazi njema.

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema Bibi Laini, akaweka simu polepole.

Miaka ishirini na miwili alisikiliza mji mzima ukidanganya: waume waliokuwa safarini wakiwa mtaa wa pili, wafanyabiashara waliokuwa na mzigo njiani wakati mzigo haujanunuliwa, mawaziri waliokuwa wagonjwa. Alijua kwamba mtu anaweza kuikunja sauti yake atakavyo, lakini namna anavyovuta pumzi hawezi kuibadilisha. Mkurugenzi alivuta pumzi ndogo, ya haraka, kabla ya kila uongo. Mkaguzi naye alivuta pumzi hiyo hiyo. Mkaguzi aliporudi akipangusa jasho, mama alimkaribisha maji, akaomba siku mbili ajikusanye.

Jioni aliwaita Bwana Karatasi na Fundi, kila mmoja kwa wakati wake, lakini akakosea saa kwa makusudi ili wakutane mlangoni. Aliwawekea chai. Aliuliza kama kuna aliyetembelewa na mkaguzi. Hakuna aliyekumbuka. Aliuliza tena, na Fundi akakumbuka kidogo, na Bwana Karatasi akakumbuka kidogo, na baada ya kikombe cha pili mezani palikuwa na risiti tatu, mbili za kibali cha pekee kwa barabara moja, na ya tatu imeandikwa: kuchelewesha faili la jirani.

Bwana Karatasi alisoma risiti hiyo mara mbili. Fundi alijitetea kwamba ni mwandiko wa mkaguzi. Wakarushiana maneno kuhusu nani hasa alitaka kumfungia nani, na Bibi Laini akawaacha mpaka walipoishiwa. Fundi akasema waende polisi. Bwana Karatasi akasema polisi wana mambo mengi. Ukweli ni kwamba hakutaka kusimama kaunta na kueleza alilipia nini cha ziada.

"Basi hamtaki polisi, mnataka pesa zenu," alisema Bibi Laini. "Mtu wa namna ile haibiwi. Anapewa kitu cha kutamani, halafu anaachwa."

Netiweki alirudi siku ya ahadi saa nne asubuhi. Akamkuta mama amefunga vibanda, macho mekundu kama mtu aliyelia. Kwanza akadhani amefiwa. Bibi Laini akamwingiza chumba cha nyuma, akafunga mlango, akamwambia kwamba hawezi kuomba kibali wakati dhamiri inamsuta, kuna kitu lazima akikiri. Akavuta shuka. Chini yake palikuwa na sanduku la chuma lenye matundu thelathini na mawili, na kila tundu taa ndogo ya kijani inapepesa.

Alisema ni mtambo wa simu ulioachwa na mdogo wake aliyehamia ng'ambo. Simu inayotoka nje inakuja kwa intaneti, inaingia humu, inatokea upande wa pili kama simu ya hapa hapa, na tofauti ya bei inabaki kwa mwenye mtambo. Netiweki hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mwezi uliopita gazeti liliandika ukurasa mzima kuhusu mtambo kama huo uliokamatwa, na walivyouita ni mashine ya kuchapa pesa. Mate yakamjaa mdomoni, ikabidi ameze kabla ya kukunja uso wa kiserikali.

Hakuwa mjinga. Alitaka uthibitisho. Bibi Laini akaweka simu ya mkononi juu ya meza na kusema kwamba saa hizi huwa anapiga mtoto wa dada yake. Dakika haikupita, simu ikaita. Namba iliyotokea ilikuwa ya hapa nchini, tena ya kawaida kabisa. Sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo mama mkubwa, huku theluji imefika magotini." Netiweki akaichukua simu na kuuliza, kwa ujanja aliojisifia moyoni, huko ni saa ngapi.

"Ni usiku wa manane, kaka. Nimeamka kwa ajili yenu."

Namba ya hapa, sauti ya ng'ambo. Aliweka simu chini kwa adabu.

Akamtangazia Bibi Laini kwamba kwa mamlaka aliyopewa anautaifisha mtambo huo, na kwa huruma yake binafsi hatamshtaki. Mama akashukuru. Kisha akaanza kulia tena. Kuna mnunuzi, alisema, mtu mzito, ameshatoa nusu ya bei na anakuja kesho kuuchukua. Nusu hiyo ameshanunulia bati. Akikosa mtambo na akakosa pesa yake, mtu yule atakwenda makao makuu kuuliza ni mkaguzi gani aliyeuchukua, na atataka jina.

Neno "jina" lilimkaa vibaya Netiweki. Akauliza nusu hiyo ni kiasi gani. Bibi Laini akataja. Kilikuwa kiasi cha ajabu kidogo: sawasawa na alichokusanya barabara nzima, na nauli yake ya wiki juu. Alisimama akipiga hesabu. Kama nusu ni hii, bei yote ni mara mbili, na yeye anajua mfanyabiashara sokoni atakayetoa mara tatu.

"Ofisi ina fungu la dharura kwa mambo kama haya," alisema mwishowe, akaanza kupekua mifuko ya jaketi, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa ndani kabisa.

Bibi Laini alihesabu, akaomba risiti. Netiweki akamwandikia kwenye kitabu kile kile: nimepokea mtambo mmoja, umekamilika. Akatia sahihi yenye mikia. Fundi alitokea kwa bahati, akasaidia kuubeba hadi kwenye mkokoteni, akasifia uzito wake.

Mkokoteni ulipokata kona, mke wa Fundi alitoka kwenye stoo ya Bwana Karatasi, alikokaa nusu saa kati ya maboksi ya karatasi, jasho likimtiririka, akaomba maji ya baridi. Theluji, alisema, ilitaka kumuua kwa joto.

Sokoni mfanyabiashara wa vifaa vya umeme alitumia bisibisi moja. Ndani ya sanduku kulikuwa na kidhibiti umeme cha friji, kilichoungua, na mkanda wa taa za kupambia duka. Hakucheka. Alikuwa mtu wa biashara. Alisema chuma anakinunua kwa kilo, na akaita mtu alete mizani. Netiweki alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajaribu kumpata wa kumlaumu. Angekwenda kwa nani, na angesema nini? Kwamba mtambo haramu aliouchukua kwa kujifanya mkaguzi si mtambo haramu? Alikubali bei ya chuma, ikamtosha kumlipa mwenye mkokoteni.

Kwa upande wa barabara, kila mtu alirudishiwa alichotoa, kasoro kidogo. Ile ya kuchelewesha faili Bibi Laini alikataa kuirudisha. Aliitumia kuwapigia akina mama wake bure Ijumaa nzima, na mwenye kijana wa malori aliongea mpaka sikio likawa jekundu.

Muda wa siku tisini ulikuwa unaelekea ukingoni utaratibu ulipotangazwa. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Netiweki, aliyekuwa akiishi kwa kukopa na kukwepa, alikwenda ofisi za Mamlaka kuitazama, si kwa nia yoyote mbaya, ila kwa udadisi wa mtu aliyewahi kutunga ya kwake. Aliisoma amesimama. Ilimsikitisha. Ilikuwa ngumu kuliko uongo wowote aliowahi kuandika. Foleni ilizunguka jengo, na watu walikuwa wameshika karatasi zao kama wameshika mtoto wa mtu. Mama mmoja akamuuliza "mtoa huduma asiyemiliki miundombinu" ni nani. Akamwambia ni wewe, mama, una kompyuta lakini waya si wako. Akamjazia na ukurasa unaofuata. Mama akamtilia sarafu mkononi bila kuombwa, na Netiweki akazitazama kwa mshangao, maana ilikuwa mara ya kwanza kulipwa bila kuhitaji kubadili njia ya kurudi nyumbani.

Kesho yake alikuja na meza na viti viwili. Wiki ya pili alikuwa na wateja mpaka saa ya kufunga. Siku moja asubuhi aliinua kichwa akawaona wa nne, wa tano na wa sita kwenye mstari wake: Bibi Laini, Bwana Karatasi na Fundi. Miguu ilimtuma akimbie. Lakini alikuwa ameshika fomu ya mtu, imejazwa nusu, na mwenyewe amekaa mbele yake akisubiri, kwa hiyo akaimaliza, na ya aliyefuata, na ya aliyefuata.

Bibi Laini akaketi.

"Shikamoo, mama," alisema Netiweki.

"Marahaba. Umekonda, Mheshimiwa."

"Siku hizi si mheshimiwa."

"Naona. Jaza."

Akajaza. Mahali, aina ya huduma, idadi ya vibanda, jina la mwenye kampuni ya intaneti. Walipofika ukurasa wa tisa, Bibi Laini alifungua mkoba na kuweka mezani bahasha nene. Mtaani walishaambiwa ada itakuwa kubwa, na yeye alikuwa ameiweka tangu siku ya tangazo, sarafu za vibanda zilizobadilishwa kuwa noti. Akasema hajui dirisha la kulipia liko wapi, kama kuna mtu anaweza kumfikishia.

Netiweki aliutazama ukurasa wa tisa muda mrefu. Bwana Karatasi alianza kutazama angani. Fundi aliacha kutafuna.

"Vibanda chini ya vitano havilipiwi," alisema Netiweki. "Ni kusajili tu, mama. Rudisha bahasha kwenye mkoba, na mkoba uushike vizuri, hapa kuna watu."

Bibi Laini alivaa miwani, akaichukua fomu, akaanza kuisoma tangu ukurasa wa kwanza, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Foleni ilinung'unika. Jua lilipanda. Alifika wa tisa, akausoma mara mbili, akaendelea hadi wa kumi na moja, akatia sahihi. Kisha akatoa ujira wa kujaziwa, kiasi kile kile walicholipa wengine, akauweka juu ya meza na kusimama.

Nyuma ya Fundi kulikuwa na msichana aliyeshika fomu kichwa chini.

"Usihangaike kutafuta mwingine, mwanangu," Bibi Laini alimwambia. "Huyu anaijua kazi. Ila akimaliza, soma zote."

Netiweki hakujua kama amesifiwa au amesemwa. Alikunja hela, akaitia mfukoni, akamwonyesha Bwana Karatasi kiti.